Mama Ameipita Laela kwa Juu

Ijumaa, mwezi wa sita. Naandika jioni, nikiwa Mbalizi.

Asubuhi Sumbawanga kulikuwa na ule upepo wa kipupwe unaopenya mpaka kwenye mifupa, na anga jeupe, halina hata wingu.

Leo mama yangu amepanda ndege!

Niseme ukweli, sikuamini kama angepanda. Mama ni mkulima wa Msanzi, haogopi nyoka wala radi, ila gari linamshinda. Mwaka jana mdogo wake, mama mdogo Yustina, alipovunjika nyonga huku Mbalizi alikoolewa, tulipanda basi kuja kumwona. Mama alianza kutapika hata hatujatoka mjini vizuri. Tulipofika Laela, hata nusu ya safari bado, hakuweza kusimama. Tukashuka, tukarudi nyumbani.

Tangu siku ile hakumtaja tena mdogo wake mbele yetu. Lakini nilishamkuta jikoni akilia.

Kwa barabara, kutoka Sumbawanga mpaka uwanja wa ndege wa Songwe, hapa karibu na Mbalizi, lazima uzungukie Tunduma, na siku inakuishia njiani. Kwa ndege, hata saa moja haifiki. Nilipomweleza mama, aliniangalia kana kwamba mimi ni tapeli.

"Saa moja? Mbeya hii hii?"

Ndege ilipoanza kukimbia alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Akafumba macho, akasali Salamu Maria kwa Kifipa, haraka haraka. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa plastiki, tayari.

Haukutumika.

Alipofumbua macho, kule kushoto nyanda zetu za juu zilikuwa zimekatika ghafla, na chini kabisa Ziwa Rukwa linang'aa. Mama akabandika paji la uso kwenye kioo. Akakaa hivyo. Kisha akanigusa: "Laela bado?"

Nikamuuliza mhudumu. Akacheka. "Laela tumeshaipita, bibi."

"Tumeshaipita!" Mama aliwatangazia abiria wote, na wengine wakapiga makofi bila hata kujua kisa. Soda aliyopewa ilikuwa haijafika nusu tulipoambiwa tufunge mikanda, tunatua.

Mama mdogo alikuwa nje, kwenye kiti cha magurudumu, binti yake akiwa nyuma yake. Nilitaka kumwamkia, sikupata nafasi. Mama alitupita wote, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu, yeye aliye mkubwa, wakashikana nyuso. Walizungumza Kifipa wote wawili kwa wakati mmoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Binti yule kazaliwa huku, hakuambulia neno. Mimi niliyaelewa yote, na hapa siyaandiki. Ni yao.

Sasa hivi mama amejifunga kitenge cha mdogo wake, anasonga ugali kama yuko kwake. Ameniambia bila hata kugeuka:

"Jumapili utarudi peke yako. Mimi nabaki mpaka huyu atembee."

"Na baba je?"

"Baba yako ana mikono."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika nyonga. Nami nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba ni mimi nitakayempigia baba kesho asubuhi. Nianze na lipi: kwamba mkewe hakutapika, au kwamba harudi?