Uzi Mwekundu Kwenye Kola

Namuwongo, Kampala
4 Desemba 1977

Kwako Mama Tajudin,

Salamu nyingi sana, dada yangu Rahima. Mombasa mnaendeleaje? Mgongo umepoa? Mimi mzima, miguu tu ndiyo imechoka. Barua hii anakuletea Kamis wa malori, maana siku hizi barua zinasomwa njiani.

Saverio wangu bado wamemshika, tangu Machi. Kosa lake hawasemi. Mwalimu wa hesabu, amesoma chuo cha ualimu Kyambogo, shule nzima hakuna mwenye mwandiko kama wake, nao wanamfungia kama mwizi wa kuku! Kila Jumamosi natembea na shati safi mpaka lango la gereza, askari ananirudishia chafu. Kumwona, hapana. Jasho la shati ndiyo habari yangu. Kanisani namsimulia Saverio mpaka Aloyo wa kwaya ananitania kwamba hata Bikira Maria hakumsifu mwanawe hivi.

Leo ni Jumapili ya pili ya Majilio. Padre amesema kungoja nako ni kusali. Nimeitikia kwa kichwa, lakini moyoni nikasema, Padre, wewe unangoja umekaa.

Sasa nikuambie ambalo hata Aloyo hajui. Unakumbuka tulipokuwa majirani kambini kwa polisi tulivyotia uzi kwenye kola, wangu mwekundu, wako kijani, nguo zisichanganyike kwenye kamba? Mashati ya Saverio yote yana uzi huo. Tangu Agosti shati ninalorudishiwa halina uzi. Tena ni dogo, la mtu mfupi, na Saverio unajua alivyorefuka kama marehemu Olweny, baba yake.

Sikuuliza. Nikiuliza, wataniambia hayupo, na nitakuwa sina tena la kungojea. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikalirudisha. Jumamosi iliyofuata likaja na jasho tena. Basi yuko mtu mle ndani, na mama yake labda hajui aliko. Na wangu nani anamfulia? Naomba awepo mwanamke mahali, anashangaa urefu wa mikono ya shati.

Leo baada ya misa nimetia uzi mwekundu kwenye kola ya huyo mfupi. Jumamosi nitampelekea.

Nisalimie Tajudin na watoto wake. Ukiswali umtaje Saverio, na yule mwingine pia. Jina lake Mungu analijua.

Ni mimi dada yako,
Joska, Mama Saverio