Ugali wa Pasaka kwa Shemeji

Mdogo wangu Benedikta,

Wengi hukosea wakidhani amani ya Pasaka humngoja mkosaji aombe radhi kwanza. Bwana alipofufuka aliwafuata rafiki zake waliomkimbia, kabla hawajasema neno.

Leo baada ya misa, hapa Mfaranyaki, nilimsindikiza mwenyeji wangu, Mama Kanisia, kumpelekea shemeji yake ugali na kuku, huku mvua ikitunyeshea. Walikuwa hawasemezani tangu wagombee mpaka wa shamba.

"Shemeji, nawa. Ugali unapoa."

"Lakini sijakuomba msamaha."

"Utaomba ukishiba."

Wakala sahani moja. Aliomba akiwa bado anatafuna.

Najua wewe na mwanao Yohana mmekosana, nawe unamngoja aanze kuomba radhi. Mungu akutunze, mdogo wangu. Mpigie simu leo, umwite mle pamoja.

Kaka yako