Nyuma ya Picha ya Kota Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimepika gundi. Unga wa ngano, maji, chumvi nyingi ili mende waikatae. Nimebandika kipande cha gazeti kuhusu lile ghala la katani lililoezuliwa mabati. Kaunta buku ya tano, daftari nene ninamobandika kumbukumbu, imejaa. Mgongo unauma.

Kisha nikateremka hadi stesheni kuangalia kota zetu za reli, kama kila Jumatatu. Zimepigwa X nyekundu. Zote sita. Hata namba nne, nilipokaa na marehemu mume wangu Wafula miaka thelathini na moja. Rangi mbichi. Nimeigusa ikashika kidole. Wanabomoa.



Jumanne, 4 Machi

Nimeenda ofisi ya majengo ya kale na kaunta buku zote tano ndani ya kiondo. Bwana wa pale ni kijana aliyefunga tai, mpole. Anafungua kurasa kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Nimempenda.

Anasema kuna mkutano Ijumaa. Ikionyeshwa kwamba nyumba ni ya zamani vya kutosha, haiguswi mpaka wakaguzi waje. Lakini faili ya kota haina mwaka. Ilinyeshewa. Nikamwonyesha picha ya namba nne, Wafula na mimi mbele ya mlango. Aliitazama sana.

"Mama, picha bila mwaka ni picha tu."

Nikamwambia mwaka upo, marehemu alikuwa akiandika nyuma ya kila picha. Akajaribu kuinua pembe kwa ukucha. Wapi. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Nilibandika picha hizo mwaka aliokufa Wafula. Sikujua kusoma. Niliona mikwaruzo ya penseli nikadhani ni alama za mwenye studio; binti yangu aliniambia baadaye kwamba ni mwandiko wa baba yake. Nikapaka gundi juu yake, nene, picha baada ya picha. Gumbaru, masomo ya watu wazima, nilianza miaka mitatu baadaye. Na kanisani nimejisifu mara ngapi kwamba gundi yangu haibanduki! Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu mvuke wa birika. Nilianza na picha ya duka la zamani la sokoni, kama majaribio. Imepasuka. Paa limebaki mkononi, mlango umebaki kwenye karatasi.

Mkamburi jirani yangu alikuwa amekaa pale anakunywa chai yangu.

"Haya. Umebomoa duka kabla serikali haijafika."

Nikamfukuza. Alipofika getini nikamwita arudi amalize chai.

Mercy, mjukuu wangu, amepiga simu kutoka Mwatate anakofundisha. Eti Shosho, tulia, hizo ni nyumba tu. Nikamkatia. Mama yake alizaliwa ndani ya hiyo "nyumba tu", juu ya sakafu niliyoisugua mwenyewe. Nikampigia tena kuuliza kama amekula.

Siku mbili zimebaki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka na jibu. Pure, chakula chetu cha mahindi na maharagwe. Mahindi magumu kutoka kwetu Wusi huwezi kuyabandua ganda kwa nguvu. Unayaloweka, unayasugua kwa kidole gumba, ganda linatoka lenyewe. Basi nisivute picha. Nikate ukurasa wote, niulaze majini picha ikiwa juu, halafu niugeuze nisugue karatasi kutoka upande wa pili mpaka nifikie penseli. Penseli haiogopi maji.

Ila ukurasa una pande mbili.

Upande wa pili nilibandika picha ya Wafula kutoka gazetini. Siku timu ya reli ilipochukua kombe. Anacheka mdomo wazi. Katika picha zangu zote amesimama kama mlingoti wa taa za reli. Anacheka kwenye hiyo moja tu.

Nikazunguka nyumba. Nikafagia uwanja mara mbili. Nikamwomba Mkamburi aipige picha kwa simu yake kwanza. Imetoka ukungu mtupu, na kidole chake kimemfunika Wafula sikio. Tumejaribu mara tatu. Simu ni nzee kama sisi.

Nikakata ukurasa.

Nilianza kusugua miguuni kwake. Meno niliyaacha mwisho. Yalitoka kama uji. Nililia kwa sauti, Mkamburi akanishikia beseni.

Chini ya gundi, penseli. Mwandiko wake umelala upande kama yeye alivyokuwa akilala. Nimesoma herufi moja moja, mwenyewe. Mwaka upo. Na maneno.

Nimeianika kati ya mbao mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi ulijaa. Wa kampuni ya kujenga walikuja na ramani za rangi, maduka ya ghorofa kila mahali. Kijana wa tai akanyoosha mkono anisomee. Nikakataa. Nikasimama, nikasoma nyuma ya picha.

"Kota namba nne. Leo tumepewa ufunguo. Mke wangu amekataa kuingia mpaka afagie."

Watu wakacheka. Kisha nikasoma mwaka. Ramani zikakunjwa. Mwenyekiti alitaka kuishika picha, nikamwambia anawe mikono kwanza. Akaenda akanawa.

Uamuzi: hakuna tingatinga mpaka wakaguzi waje kutoka Mombasa. Wanakuja lini, hakuna aliyesema. X inabaki ukutani.

Nimechoka mpaka mifupa.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nilipita kota na ufagio. Nimefagia baraza ya namba nne. Familia inayokaa pale sasa ilinitazama, halafu mama wa nyumba akaniletea kiti.

Mercy alikuja na simu yake nzuri. Alipiga picha namba nne, na X yake, na mimi na ufagio. Picha ameichapisha kwenye studio ya mjini. Hakusema ni nyumba tu.

Nimeanza kaunta buku ya sita. Picha ya zamani na hii mpya, ukurasa mmoja. Nimepaka gundi ukingo wa juu peke yake, ziinuke. Ukurasa wa nyuma yake nimeuacha mtupu. Ni wa Wafula.

Nyuma ya ile mpya nimeandika kwa penseli: Jumapili. Nimefagia. Bado ipo.