Kengele ya Mageuzo Ndani ya Gemu

Dadangu Mwende,

Niko na bahati mimi, wacha tu! Siku ya pili hapa Machakos, na tayari mimi ndiye bingwa wa ile gemu ya simu binamu yetu Mutua ametengeneza. Unaruka mito, unaokota maembe.

Lakini jana ilibaki kidogo izikwe. Kila ukiokota embe kengele inalia, na Mutua aliirekodi kanisani, ile ya mageuzo, padre akiinua hostia. Mutua alikuwa sebuleni akiicheza, Shangazi jikoni anasonga ugali. Kengele ikalia, akapiga magoti. Ikalia tena, akafanya ishara ya msalaba na mwiko mkononi. Nimetembea mpaka Kampala, hiyo sijawahi kuona. Mara ya tano akatoka.

"Mutua! Yesu amekuwa embe?"

"Mama, ni sauti tu."

"Futa gemu yote, ama utoke nayo kwangu!"

Kazi ya miaka miwili, na Jumamosi anaionyesha kwa watu wanaotaka kumwandika kazi! Mutua akapunguza sauti ya simu. Kisha akasema, "Mama, sikufikiria. Kengele naitoa." Akachukua kijiko, akagonga kifuniko cha sufuria, akarekodi hiyo.

Shangazi akasikiliza, akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa hiyo ni ya chakula. Lete nione, embe inaokotwaje?"

Mwende, nilipumua! Ugali uliungua Shangazi akicheza, na tukaumaliza. Wakumbatie watoto, nawapenda sana.

Ubingwa ni wa Shangazi. Mimi nilikudanganya, sijavuka hata mto wa kwanza.

Kaka yako, Kioko