Kwa Baba Mkwe Niliyemkwepa, Siku ya Majibu

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukuamkia, na nimeona haya hata kuliandika neno lenyewe. Tangu mwanao Ambakisye anioe tumeishi uwanja mmoja hapa Matwebe, wewe nyumba ya mbele na mimi nyumba ya nyuma, na sijawahi kukutazama usoni. Jina lako sijalitamka na hata leo sitaliandika. Ndivyo tulivyofundwa sisi wakamwana: baba mkwe akipita unajifunika kanga, unaingia migombani, unatulia huko mpaka apite. Wenzangu wa Tukuyu mjini wameshaacha mambo hayo, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Wewe hukuacha, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kukuvunjia heshima.

Sasa umelala hapa kwenye migomba yako tangu masika ya mwaka jana, na leo nimetandika mkeka kando ya kaburi lako kama mtu aliyekuja kupiga soga. Usidhani nimepata ujasiri. Nimekuja kwa sababu hapa ndipo simu inaposhika mtandao, na kuna simu naisubiri. Mjukuu wako Bupe yuko shule, wanawake wa kwetu wako kwenye mashamba ya chai, na mimi nimebaki na tumbo langu na kalamu.

Nina mimba, baba. Imeshaingia mwezi wa tano. Nina umri wa kuitwa bibi na nina mimba, cheka tu. Nilipokwenda kliniki Makandana, daktari alinipitishia kile kifaa tumboni, mwanzoni akiongea mambo ya mvua na barabara, halafu akasogeza uso kwenye kioo cha mashine. Akarudia sehemu moja mara mbili tatu. Akaniambia nyama ya nyuma ya shingo ya mtoto ni nene kuliko inavyotakiwa, na kwa kuwa nina umri huu, na kwa kuwa Bupe yuko vile alivyo, ingefaa nipimwe damu kujua kama na huyu ana kromosomu iliyozidi. Damu hiyo haipimwi hapa wala Mbeya. Inakwenda Dar, na kutoka Dar inapanda ndege. Nilishangaa damu yangu kupanda ndege kabla yangu, mimi ambaye sijafika hata Iringa. Leo ndiyo siku ya majibu.

Kuna watu wameniuliza kwa nini nipime, kwani nikijua nitafanya nini. Wewe usingeuliza, maana ulikuwepo siku ile midomo ya Bupe ilipogeuka rangi ya zambarau.

Lakini nianze na jikoni. Bupe alikuwa amechelewa kutembea, na alipopata miguu akaitumia kukukokota wewe. Siku hiyo alikushika kidole akakuleta mpaka jikoni kwangu, akisema, "Babu, chai, babu, chai." Jiko lile lina mlango mmoja. Nilisikia kikohozi chako, kile ulichokuwa unakohoa kila ukikaribia ili niwahi kujificha, lakini pa kukimbilia hapakuwepo. Nikachuchumaa nyuma ya kuni, nikajifunika kanga mpaka kichwani, moshi unanikaba. Nilidhani utageuka. Wewe ukakaa kizingitini, ukaupa ukuta uso, ukapokea kikombe mkononi mwa mtoto aliyemwaga nusu njiani. Ukanywa. Halafu ukasema, "Bupe, mwambie mama yako chai ina sukari nyingi."

Mtoto mwenyewe alikuwa na maneno matano ya kusema. Lakini mimi nilisikia, na nikajibu, "Bupe, mwambie babu kesho nitapunguza." Tangu siku hiyo tukawa tunaongea, wewe na mimi, kupitia mtoto ambaye watu walisema hajui kuongea. Tuliongelea mbegu za viazi, bei ya ndizi, Ambakisye kukaa Tunduma miezi bila kupiga simu. Bupe alikaa katikati akituangalia kwa zamu, mara huku mara kule, na tukimaliza anapiga makofi.

Siku ya midomo ya zambarau Ambakisye hakuwepo, kama kawaida. Nilipiga kelele, ukatoka. Hukuuliza kitu. Ulichukua kanga yangu kwenye kamba, ukamfunga mtoto mgongoni kama mwanamke, mzee mzima, ukashika njia. Mimi nikafuata kwa mbali nimejifunika. Vijana pale njia panda walicheka kuona babu amebeba mtoto na kanga ya maua, ukawaambia, "Ndaga, asanteni wanangu, endeleeni kucheka, nipisheni." Kwenye gari ulikaa mbele na dereva, mimi nyuma kabisa.

Daktari wa wakati ule alikuwa mtu wa Pwani, hazijui desturi za Wanyakyusa. Akaita, "Wazazi wa Bupe, ingieni wote." Nikaingia mimi. Akasema na yule mzee aingie. Wewe ukabaki barazani, ukasimama karibu na dirisha, mgongo kwetu. "Kwani nyie mmegombana?" akauliza. "Mtoto yuko kwenye hali hii, nyie mnanuniana?" Muuguzi akamnong'oneza. Yule daktari akafikiri kidogo, akachukua kiti chake akakisogeza dirishani, akawa anatueleza kwa kugeuka, neno moja kwangu, neno moja nje. Alisema moyo wa Bupe una tundu. Akasema pia kwamba ndani ya kila mtu kuna vinyuzi vidogo mno visivyoonekana kwa macho, nusu unapewa na baba na nusu na mama, na vinagawanywa sawa. Bupe wakati anaumbwa alipata kimoja zaidi. Ndiyo maana macho yake yako vile, na vidole, na ulegevu ule, na moyo. Si kulogwa, si laana, si kitu nilichokula. Akasema tungejua mapema, mtoto angezaliwa karibu na wataalamu wa moyo, na hiyo miaka miwili ya kumpa dawa ya kikohozi tusingeipoteza.

Nililia kwa sauti, pale pale. Ukasema dirishani, "Bupe, mwambie mama yako anywe maji." Basi. Lakini ulikwenda mwenyewe kuyatafuta hayo maji, ukampa muuguzi aniletee.

Lile tundu lilizibwa, Mungu ni mwema, na Bupe sasa ni msichana mkubwa mwenye maneno mengi na kiburi kingi. Kilichobaki wazi ni midomo ya ndugu. Unakumbuka kikao cha ukoo, siku ya tanga la dada yako? Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, ninyi mko mbele, na ukuta ule wa matofali mabichi haufichi neno. Mdogo wako akasema watoto wa namna hii hawajawahi kuonekana kwenye ukoo, kwa hiyo Ambakisye atafute mke mwingine kabla sijajaza nyumba. Wanawake wenzangu wakaacha kumenya, wananitazama. Nikasikia kikohozi chako. Ukasema, "Hicho kilichozidi kwa Bupe kimetoka kwangu. Mjomba wangu alikuwa hivyo hivyo, mlikuwa hamjazaliwa. Mwenye swali aje kwangu, yule mwanamke aachwe amenye ndizi zake."

Baba, mpaka leo sijui kama mjomba huyo aliwahi kuwepo. Nimeuliza wazee, hakuna anayemkumbuka. Na daktari alishatuambia kwamba kitu chenyewe hutokea tu, hakina ukoo. Ulikuwepo dirishani, ulimsikia vizuri. Ulisema uongo mbele ya ukoo mzima, na hakuna mtu aliyewahi kunitendea jambo kubwa kama hilo. Sikukushukuru. Ningekushukuru vipi? Nilimtuma Bupe akuletee maziwa mgando.

Huyu daktari wa sasa ni kijana wa Tanga, hajafikisha hata mwaka hapa, mpole, anaongea na mgonjwa kama anaongea na mama yake. Aliniuliza kama Bupe aliandikwa popote. Nikamwambia aliandikwa uzito siku aliyozaliwa, pale zahanati, na kwenye kadi ya chanjo. Akasema hilo ndilo tatizo letu. Anasema nchi nyingine kila mtoto wa namna hii anaandikwa, tangu akiwa tumboni, na kila mwaka wanajua wangapi wamezaliwa na wangapi moyo uliwasumbua. "Sisi mama, kila hospitali inajua wa kwake, na wengine hawajulikani kabisa. Tutaombaje kipimo kije Tukuyu wakati hatujui mko wangapi?" Akaniomba ruhusa amwandike na Bupe, pamoja na huyu wa tumboni kama itakuwa ndiyo. Nikamruhusu. Niliporudi nyumbani nikatamani kukusimulia kwamba mjukuu wako sasa anahesabiwa na serikali. Nikaangalia mlango wako, una kufuli.

Hapo ndipo upweke unaponikamata, baba. Si usiku, kama watu wanavyosema. Ni mchana, ninapokuwa na habari. Nikichota maji bado nasikilizia ukohoe. Bupe anakutafuta hadi leo. Anakokota kiti chako mpaka jikoni, anakigeuza kitazame ukuta, halafu ananiangalia nianze kuongea. Mwanzoni nilikuwa naongea ili kumfurahisha. Siku hizi naongea kwa sababu nami nahitaji.

Ambakisye nilimweleza. Alikuja Krismasi, akaacha mimba, akarudi Tunduma kwenye mizigo yake. Nilipomwambia kwa simu kuhusu shingo ya mtoto na damu iliyopanda ndege, alianza kwa kuniuliza habari za ndizi. Kisha akasema, "Majibu yakija, kama ni kama Bupe, usiniambie. Kaa nayo wewe." Namsema kwako kwa sababu ni wako. Sio mtu mbaya. Bupe anampenda, na yeye anampenda Bupe akimwona. Tatizo lake ni kwamba anampenda akimwona tu. Ndugu zako nao wananitazama tumbo na kunong'onezana, na sasa hakuna wa kuwakoholea.

Kwa hiyo ninachoogopa nakijua. Mtoto simwogopi. Mtoto wa namna hiyo nimeshamlea, najua anachekea nini na analilia nini, na moyo wake safari hii utaangaliwa mapema. Naogopa kukaa na majibu peke yangu. Daktari alishanieleza kwamba damu haimalizi shaka kabisa, mpaka wapime na maji ya uzazi huko Dar, lakini kwa umri wangu ikisema ndiyo ni nadra kukosea. Kwa hiyo nitasikia, nitakunja mkeka, nitapika, nitalala, nitaamka kesho na neno hilo kifuani, na sina hata mtu wa kumwambia kupitia mtoto.

Ngoja. Inalia.

Nimerudi, baba.

Ni daktari. Alisema, "Mama Bupe, majibu yamerudi. Kwanza niambie, uko peke yako hapo?"

Nikaangalia huku na huku. Nikasema, "Hapana, daktari. Niko na baba mkwe."

"Ah, afadhali," akasema, na nikasikia kabisa kwamba amepumua. "Wazee wakielezwa mapema inasaidia sana. Weka spika nimweleze na yeye."

Ningeweza kumwambia. Badala yake nikaweka spika, nikailaza simu juu ya saruji yako, upande wa kichwa.

"Shikamoo, mzee," akasema. Migomba ilikuwa inapigwa na upepo. "Mzee ananisikia?"

"Anasikia," nikasema. "Endelea."

Akakueleza. Alikueleza taratibu na kwa heshima, kwamba mjukuu wako anayekuja ni wa kike na majibu yanaonyesha atakuwa kama dada yake. Kwamba si kosa la mkamwana wako, wala la mwanao, wala la mtu yeyote. Kwamba nitakwenda Mbeya moyo wa mtoto uangaliwe angali tumboni, na ikibidi nijifungulie huko huko. Akasema dawa na vipimo yeye atavihangaikia, ila kuna kitu kimoja hospitali haina. "Mama huyu asiachwe peke yake, mzee. Kuna maneno mengi yatasemwa hapo nyumbani. Anahitaji mtu mmoja tu wa kusimama naye. Utasimama naye?"

Nikasubiri, baba. Nilikupa muda wako wote, kama mtu mzima anavyopewa. Daktari naye akasubiri.

Halafu nikasema, "Amekubali."

Mkamwana wako,
mama Bupe