Baba Amesusa Bakuli Langu

Jumatatu, 3 Februari
Maji yamekuja, mapipa mawili, nimelipa, yametulia. Uji wa Baba umerudi kama ulivyokwenda, na utando juu. Siku ya nne leo. Nimemuuliza tumbo: hapana. Kichwa: hapana. Meno? Amechukua birika. Chai anachemsha mwenyewe, kwa mkaa wangu, halafu anageukia ukuta.
Wani, kaka yangu, amepiga simu kutoka Nairobi. Mpeleke zahanati, anasema. Rahisi kusema ukiwa Nairobi.
Naogopa. Nayaandika haya humu kwa sababu humu ni salama. Baba aliishi kambini Kakuma miaka kumi na minne akakataa katakata kujifunza Kiswahili.

Jumanne, 4 Februari
Zahanati. Malaria hakuna. Presha nzuri kuliko yangu. Daktari ni yuleyule aliyesema mwezi uliopita kwamba vumbi la chaki linamchokoza kifua na apunguze kufundisha. Nimemwambia darasa nilishalifunga kabisa. Amenisifu. Baba alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani.
Nilifanya vizuri. Wanafunzi wenyewe wa Kiingereza saba tu, waendesha boda na akina mama wa sokoni, kila jioni barazani kwangu, kelele, mimi nafagia chaki. Niliwaaga siku Baba alipokuwa kwenye mazishi. Ubao nikampa rafiki yangu Nakato. Nilifanya vizuri.
Vidonge vya vitamini amevitia mfukoni. Kwenye boda hakunishika.

Jumatano, 5 Februari
Nikitafuta soksi zake kwenye sanduku la bati nimekuta daftari lake la Kakuma. Pembeni limeliwa na mchwa. Lakini ukurasa wa kukataa upo wote! Nimekaa chini palepale sakafuni.
Baba alikuwa akisema mkimbizi asiyejua kukataa kwa Kiingereza atakubali kila kitu. Basi akatufundisha. *Decline*, unakataa umekaa, mkono kifuani. *Refuse*, unakataa umesimama. *Reject* ni ya mtu aliyekwisha kupewa kitu, anakirudisha. *Deny*, wamesema umefanya, wewe unasema sikufanya. Na *resist*, hiyo ameipigia mstari mara mbili: mwili mzima unakataa, mdomo unaweza kunyamaza.
Mtihani ulikuwa jioni. Bakuli la kwanza la maharagwe lazima ulikatae, kwa sentensi kamili, na isiwe ya jana. Mama analirudisha jikoni, anahesabu mpaka kumi kwa sauti, analileta tena. Hapo ndipo unakula. Jamani, njaa ile! Matumbo yanaunguruma na sisi tunakataa kama watoto wa balozi. Siku moja Wani alinogewa akakataa na la pili. Mama akalila yeye, palepale, mbele yake. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.
Mama tulimwacha kaburini kulekule. Ningetoa chochote nimsikie tena akihesabu kule jikoni.

Alhamisi, 6 Februari
Bamia na karanga, kama alivyozipika Mama. Zimerudi. Nimezila mimi, nikilia. Chumvi ilizidi.

Jumamosi, 8 Februari
Nikifua shati lake nimekuta maganda ya karanga mfukoni. Ya kuchoma. Kumbe meno yanafanya kazi.

Jumapili, 9 Februari
Amekula! Kanisani, baada ya ibada, kwenye mabenchi, asida, ugali wa kwetu, na samaki, sahani mbili, mbele ya kina mama wote. Amelamba vidole. Mimi nimesimama na mfuko wangu kama mgeni.
Mama mmoja amenivuta pembeni: Keji, baba yako anakula hivi, kwako hali? Kwetu mzee akikataa chakula cha nyumba yako, watu hukaa chini wakakuuliza umemfanya nini. Hakuumwa hata kidogo. Amesusa. Wiki nzima nampimia malaria, mjinga mimi.
Nina hasira naye. Si angesema! Nina aibu kuliko hasira.

Jumatatu, 10 Februari
Nimekwenda mtaa wa Hai Cinema kwa Nakato, kwenye hoteli yake, kunywa chai na kulalamika. Nakato ni Mganda, rafiki yangu tangu niliporudi Juba. Kabla sijaketi nimeuona. Ubao wa Baba, mlangoni, umesimamishwa juu ya matofali. Rangi nyeupe ya mafuta: MATOKE. MAHARAGWE. KUKU.
Nakato hajui kuficha kitu. "Mzee kila siku iko kuja, simama hapo, angalia ubao. Mimi nafikiri iko soma bei ya kuku. Nasema karibu Ustaz, yeye nakwenda sakit, bila neno."
Kila siku. Kwa miguu kutoka mtaani kwetu Juba Na Bari, kwenye jua hili, kuja kusoma matoke.
Ubao ule alipaka mwenyewe mwaka tuliorudi, masizi ya betri na unga wa muhogo. Mimi niliutoa kama mtu anayetoa sufuria iliyotoboka. Wala sikumuuliza. Nilingoja aende mazishini. Mtu anayejua kwamba anafanya vizuri hangoji watu waende mazishini.
Nakato hakutaka niongee sana. "Chukua, kalas, basi. Mimi naandika kwa karatasi."

Jumanne, 11 Februari
Mafuta ya taa, sabuni, mchanga, kutwa nzima uani. Kucha zimekwisha. KUKU imetoka, MAHARAGWE imetoka. MATOKE imegoma, kivuli chake bado kipo.
Nimeupigilia barazani mahali pake. Baba alitoka akasimama. Akaupangusa kwa kiganja, juu mpaka chini. Nikamwambia malesh, Baba, unisamehe. Nikamwambia ningekuuliza wewe kwanza. Akaingia ndani.
Nimewapigia wanafunzi simu. Nimepika. Bakuli limerudi.
Kama ubao wenyewe hautoshi sijui tena. Ana miaka sabini na minane. Akiondoka na neno hili moyoni nitaishi nalo mimi.

Jumatano, 12 Februari
Wamekuja watatu. Wametosha. Baba amefundisha akiwa amekaa, kitambaa chenye maji puani kwa ajili ya kifua, na nusu saa tu. Chaki nimeshika mimi, yeye anataja, naandika. Mstari wa kwanza umepita juu ya kivuli cha matoke.
Walipoondoka nimempelekea bamia. Ameweka mkono kifuani. Kwa Kiingereza chake kile cha redio ya zamani akasema anashukuru sana kwa ukarimu wangu, lakini kwa sasa hana budi kukataa.
Nimegeuka nalo. Machozi yamenitangulia jikoni. Nimeliweka kando ya jiko, nimeshika mfuniko, ndipo nikasikia nilichoambiwa. Sentensi kamili. Amekaa. Mkono kifuani.
Nimehesabu mpaka kumi, kwa sauti, asikie. Nimelirudisha.
Ameuliza chumvi iko wapi.