Kwa Nini Sikudhani Alifunga Ghala

Lanet, Nakuru
Jumamosi mchana

Kwako dada yangu Wariara,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mzee wako Kiarie pamoja na wajukuu, na kwamba lile goti halikusumbui sana na baridi ya Mau Narok. Sisi huku afya tunayo. Kiptum bado yuko Lodwar na kazi ya barabara. Analalamika kuwa joto limemmaliza, lakini sauti yake kwa simu ni ya mtu anayekula vizuri. Viazi ulivyotutumia tulivipokea, tukavila, tukakusifu.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Ningekupigia, lakini wewe dada hujui kusikiliza. Mtu hajafika nusu ya neno, umeshampa shauri na umeshakata. Leo nataka unisikilize hadi mwisho. Micah wa lori la viazi amesema atapita hapa jioni kuichukua akirudi huko kwenu, kwa hivyo muda ninao, na mikono yangu imekataa kukaa bure. Tangu asubuhi nimefua mapazia, nimeyaanua yakiwa mabichi, nimeyaanika tena. Nimechambua mchele usiokuwa na jiwe hata moja. Kimberly hayupo nyumbani. Nitakuambia aliko, ila niache nianzie mbali kidogo.

Mwezi ujao anakalia mtihani wake wa Kidato cha Nne. Hesabu haimtishi, Bayolojia anaicheza, lakini fasihi imemtoa jasho mwaka mzima. Wana tamthilia moja ya zamani ya kutahiniwa, tanzia, ambayo ndani yake kuna mke wa mfalme anaitwa Sikudhani. Mfalme anakwenda vitani na kumwachia mtoto aliyezaliwa na mke wa kwanza. Watu wa ukoo wa yule mama wanakuja kumchukua mtoto wao, na Sikudhani anamfungia mtoto ghalani ili wasimwone. Siku hiyo hiyo adui anauchoma mji, ghala linashika moto, na mtoto anafia humo. Mfalme akirudi anamuuliza mkewe kwa nini alifunga mlango. Mwanamke hajibu. Anaulizwa tena, hajibu, mpaka pazia linashuka.

Sasa watahini nao, kwa sababu hawana huruma, wanapenda kuwauliza watoto hilo hilo ambalo mfalme alishindwa kujibiwa. Ni nini kilichomsukuma Sikudhani? Jadili, alama ishirini. Kuna kijitabu cha mwongozo kinachouzwa mjini, na darasa zima limekikariri: wivu, uchu wa mamlaka, chuki dhidi ya mtoto wa kambo. Kimberly alikuwa akiyakariri hapa jikoni huku mimi nikikanda chapati. Kila akifika kwa mtoto wa kambo alikuwa anashusha sauti kidogo, kwa heshima. Ungeniona ungecheka. Nilikuwa nauponda ule unga kana kwamba ndio uliouandika mwongozo.

Unajua sikuwahi kupenda neno hilo kambo. Nilipoolewa na Kiptum nikamkuta Kimberly, mtoto wa darasa la pili ambaye mamake, Jemutai, alikuwa ameenda kazi Saudia na kunyamaza kabisa, wewe ndiye uliyeniambia kwamba uchungu wa mwana aujua mzazi, na kwamba nisijidanganye. Maneno yako yalinichoma na hayajapoa hadi leo. Nilimwosha yule mtoto, nilimsuka, nililala naye hospitalini alipougua nimonia. Kila alipoleta matokeo nilikuwa nakuhesabia wewe kimoyomoyo.

Basi nikaanza kumtetea Sikudhani. Nilisema labda huyo aliyeandika mwongozo hajawahi kulea. Kimberly akaona nina maneno, na jioni moja nilipokuwa nakata mboga ya sukuma wiki akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, kalamu mkononi. Aliniambia, "Mathe, jifanye wewe ndio Sikudhani. Sasa niambie, kwa nini ulifungia mtoto kwa ghala?"

Nikamjibu bila hata kuinua kichwa: "Nilijua akitoka hatarudi."

Akanitazama. Kisha akayaandika maneno hayo vile vile kwenye insha yake na kuyapeleka shuleni. Mwalimu wao wa fasihi, Bwana Peterson, akayapigia mstari kwa wino mwekundu na kuandika pembeni neno moja tu, Thibitisha. Kimberly alinieleza kwamba katika fasihi huwezi kusema jambo juu ya mtu kwa sababu tu moyo wako umesema. Ni lazima uonyeshe ni wapi alilisema au alilitenda. Nilikasirika, dada, nikakasirika kama mtu aliyenyimwa alama yeye mwenyewe. Nikamwambia Bwana Peterson aje hapa nimthibitishie.

Kumbe mtoto hakulala juu ya lile neno. Aliisoma tamthilia upya, pamoja na yale maelekezo madogo ya waigizaji ambayo kila mtu huruka. Akagundua kwamba kabla ya kufunga ghala, Sikudhani anatandika mkeka na kuweka kibuyu cha uji. Mtu hamwekei uji mtoto anayemchukia, akaandika. Bwana Peterson alimpa alama zote na akaisoma insha mbele ya darasa. Siku hiyo alikuja nyumbani mbio, na mimi nikafurahi mpaka nikamchinjia kuku katikati ya wiki. Nilijiona nimeshinda kesi.

Tulikula vizuri. Alipokuwa anamalizia, akaacha kutafuna, akasema polepole kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Lakini mathe, mtoto si alikufa tu? Uji ama bila uji."

Nilisimama nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Tangu usiku huo sikupata usingizi. Nilikuwa naamka, naenda kumwangalia mlangoni pake, narudi, nasikiliza mbwa wa barabarani, naamka tena. Ukiniuliza nilikuwa naogopa nini, nitakuambia, na hapa ndipo ninapokuomba usinikatize.

Jemutai amerudi. Alikuja hapa mwezi wa nane, Kimberly akiwa shuleni kwa masomo ya likizo. Nilifungua lango dogo nikaona mwanamke aliyekonda, ana paji la uso la Kimberly na namna yake ya kusimama akiegemea mguu mmoja. Hakuhitaji kujitaja. Alisema huko alikokuwa alinyang'anywa simu na stakabadhi, kwamba alipitia miaka mingine ambayo hataki kuisimulia, kwamba sasa anaishi Njoro na anauza nguo. Hakuja kumchukua mtu, alisema. Alitaka tu kumwona mtoto, hata kwa mbali, na kama mtoto atakubali, wazungumze.

Nilimwambia kwamba mtoto nimeshamuuliza, zamani, na amesema hataki hata kusikia jina lake. Dada, sikuwa nimemuuliza. Maneno yalitoka yamenyooka, bila kukwama, na yeye aliyaamini yote. Hakunibishia. Aliomba maji. Nikampa maji pale pale langoni, mimi, binti ya mama yetu ambaye hakuwahi kumwacha hata mkusanya madeni aondoke bila chai. Alikunywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akaniachia nambari yake ya simu ikiwa mtoto atabadili mawazo. Niliihifadhi kwa jina la fundi wa gesi.

Nilijiambia ni kwa sababu ya mtihani. Acha kwanza amalize, nisimvuruge akili. Kisingizio kizuri kama hicho hukipati ukizunguka soko zima, kwa sababu hata mchungaji angeniunga mkono. Kiptum sikumwambia. Wewe pia sikukuambia, maana ungesema ulinionya. Lakini sikuwa namlinda Kimberly dhidi ya Jemutai. Nilikuwa najilinda mimi nisirudi kuwa mtu aliyemkuta mtoto wa wenyewe. Yote niliyompa ni kweli, hakuna la uongo hapo, lakini mlango ni mimi niliyeufunga, na ningeendelea kuufunga.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilimketisha, nikamwambia yote, pamoja na yale maji. Sikumweleza sababu zangu. Nilijua anazijua, amezipatia alama.

Hakulia wala hakunifokea. Aliuliza tu, "Alikuwa amevaa nini?" Nikamwambia sweta ya kijani, na viatu vya wazi ingawa kulikuwa na baridi. Akataka kujua kama ni mrefu. Akataka kujua kama alitaja jina lake, Kimberly, au alimwita Cheptoo, jina alilopewa alipozaliwa. Nikasema alimwita Cheptoo. Hapo ndipo alipoinuka akaomba nambari, na nikamwonyesha kwenye simu, akasoma fundi wa gesi, akaniangalia. Sitaki kukuandikia alivyoniangalia.

Basi ndiko aliko leo, Njoro, kwa mamake. Baba yake nimemwambia jana usiku. Alisema tutazungumza akija, akakata. Majirani watasema nimechagua wakati mbaya, mtihani ukiwa mlangoni, na labda ni kweli. Lakini ningengoja Desemba, ningepata sababu ya kungoja Aprili. Najijua.

Asubuhi nilimpigia pasi lile rinda la buluu. Alinywa chai yote. Alinishukuru kwa kumpigia nguo pasi, akavaa viatu, na alipofika langoni aligeuka akaniambia, kwa upole kabisa, "Haya Anti, nitarudi jioni."

Anti ni jina alilokuwa akiniita nilipoingia nyumba hii. Aliliacha mwenyewe akiwa darasa la tatu, siku moja tu likapotea, akaanza kuniita mathe, mama yake, wala sikumwomba. Leo sikumsahihisha. Nilisema sawa, nikamwambia achukue sweta. Afadhali angenitukana, dada, ningejua mahali pa kuanzia kuomba msamaha.

Sasa ni saa tisa. Kila lango la jirani likilia naweka kalamu chini. Amesema atarudi, naye si mtoto wa kusema uongo, hilo nalo hakujifunza kwangu. Nimeinjika maharagwe ya watu watatu halafu nikakumbuka tuko wawili, na sijui ni nani huyo wa tatu niliyempikia.

Nisalimie mzee Kiarie, na uwabusu wajukuu kwa niaba yangu. Mwambie mjukuu Mwaura nilisikia ameingia kwaya, na kwamba sauti hiyo hakuitoa upande wetu. Ukimaliza kusoma usinipigie simu kunifokea. Njoo ukae nami siku mbili, unifokee ukiwa karibu. Mungu akulinde.

Barua zangu zote kwako, na hata jina langu kanisani, nimekuwa nikiandika Mama Kimberly. Leo nimeanza kuliandika nikasimama. Acha kwanza niandike lile alilonipa mama yetu.

Mimi mdogo wako,
Waithera